Pikapu ya Baba Ilitaka Mzigo

Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Mlima Meru wakati wa Mwingereza hatuhitaji kuelezwa harufu ya pikapu ya zamani. Ni harufu ya grisi, ya magunia ya kahawa, ya ndizi zilizoanza kuiva, na ya vumbi lililoingia kwenye kiti likakataa kutoka. Harufu hiyo ilinirudia juzi hapa Kijenge, uani kwangu, ambako mjukuu wangu Elisha alikuwa amelala chini ya pikapu yake kuukuu akiifunga springi mpya. Vifaa vyote alikuwa ameviagiza kwa simu, na ufundi wenyewe alikuwa akiuangalia kwenye simu hiyohiyo, iliyoegemezwa kwenye ndoo.

"Shikamoo, Bibi. Njoo uone. Hii sasa ni mnyama."

Nilikwenda, nikaona. Gari lilikuwa limeinuliwa hata mlango wake ukanifika kifuani. Nilimwuliza mimi bibi yake nitaupandaje mlango huo.

"Nitakubeba, Bibi."

Nilimweleza kwamba tangu nifiwe na babu yake, mwaka 1998, kila nilichotaka kupanda nimekipanda kwa miguu yangu mwenyewe. Kwa hiyo alete kigoda. Alileta. Nikiwa nimesimama juu ya kigoda kile, mkono mmoja mlangoni, nilimwona baba yangu kana kwamba alikuwa hai, amechuchumaa nyuma ya pikapu yake, akizipima springi kwa kiganja.

Nilizaliwa mwaka 1944, nikiwa mtoto wa kwanza, katika kijiji kilichoko juu ya soko la Tengeru. Kwa kuwa nilikuwa msichana na mama alihitaji mikono, shule niliingia Januari 1955, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Wenzangu wa darasa la kwanza walinifika kwenye kiwiko. Jambo la kwanza tulilofundishwa kuandika kwenye kibao lilikuwa tarehe ya siku hiyo, nami sijaiacha tabia hiyo mpaka leo. Wako wanaosema ni majivuno. Inawezekana. Aliyeisubiri kalamu muda mrefu huishika kwa nguvu.

Utoto wetu haukuwa na vitu vingi, lakini ulikuwa na mteremko. Masika yalipolowesha njia, tulikalia maganda ya mgomba na kuteleza kutoka kwenye kisima hadi kwenye shamba la shangazi, tukisimamishwa na mibuni yake na baadaye na fimbo yake. Wavulana walichonga vigari vya mti vyenye magurudumu manne na breki ya kisigino. Jioni tulikula loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, kutoka kwenye chungu kimoja, na mama alitukumbusha kila siku maneno yaleyale: "Kula upande wako. Upande wa mwenzako una mwenyewe." Watoto wa siku hizi kila mmoja ana sahani yake, na bado hugombana.

Mwishoni mwa mwaka 1955 baba alinunua pikapu. Ilikuwa imetumika sana kwenye shamba la Mzungu mmoja, na bodi yake ilikuwa na matundu ambayo mtoto aliweza kupitisha ngumi. Kijijini alisema ameinunua kwa ajili ya kahawa. Sisi wa nyumbani tulijua zaidi. Agosti 1953 mama alishikwa na uchungu, mtoto akawa amekaa vibaya tumboni, na wanaume wakambeba kwa machela kuteremka mlima. Walipofika mtoni, chini kule, walikuwa wameshachelewa. Alirudi mama peke yake. Baba hakulizungumza jambo hilo, ila tangu siku ile hakupenda kupita mtoni kwa miguu.

Basi mnaweza kufahamu moyo wake ulivyoshtuka Desemba 1956, wakati mama alipokuwa mjamzito tena, na jani kubwa la springi ya nyuma likakatika njiani chini ya mzigo wa kahawa. Sauti yake ilisikika hadi shuleni. Kwa wasiojua, springi za magari yale zilikuwa mapande marefu ya chuma yaliyopinda, yamepangwa moja juu ya jingine, na kila pande liliitwa jani.

Baba aliamua kuzitengeneza mwenyewe nyumbani na kuziongezea nguvu. Alikwenda mjini kwenye gereji ya Singasinga mmoja, akachagua majani kutoka kwenye lori lililokufa. Fundi yule alimshauri aongeze jani moja kila upande. Baba aliongeza matatu. Januari yote ya 1957 pikapu ilikaa juu ya magogo chini ya mti wa mringaringa, nasi watoto tukapewa kazi ya kuyasugua majani yale kwa mchanga mpaka yang'ae. Bolti zilizoshika kutu alizilowesha kwa mafuta ya taa. Grisi aliichukua kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Mama alipomwuliza kama hayo matatu si mengi, alijibu bila kuinua kichwa, "Sitaki kuisikia tena sauti ile."

Pikapu iliposhushwa kutoka kwenye magogo, nyuma ilibaki juu na pua ikaelekea chini. Shangazi Ndeanasia, dada yake baba, aliizunguka mara moja.

"Kaka, gari lako linakunywa maji?"

"Subiri lipate mzigo."

"Nasubiri. Lakini mwambie lisizame."

Kwa mzigo baba alikuwa sahihi. Siku tulipopeleka magunia ya mwisho ya kahawa, gari lilitulia barabarani hata mama akasinzia kwenye kiti cha mbele. Taabu ilikuja wakati wa kurudi, likiwa tupu. Halikuwa likitembea tena, lilikuwa likiruka. Kila tuta la udongo lilitunyanyua kutoka kwenye kiti, na mdogo wangu akajiuma ulimi. Kabla hatujafika nusu ya mlima, mama alimgusa baba bega.

"Nisimamishie hapa, Baba Anaeli," alisema, akimwita kwa jina langu. "Nitatembea."

"Mbali kutoka hapa."

"Nitatembea. Mtoto huyu nimemtunza, simmwagi njiani."

Alitembea, nami nikatembea naye, na baba akatufuata nyuma na gari polepole kama anayechunga. Jioni ile alisema Jumatatu atayatoa majani mawili kila upande.

Jumatatu haikusubiriwa. Jumamosi, tarehe 16 Februari 1957, asubuhi, kabla ya wiki zake kutimia, mama alishikwa na uchungu. Mkunga wetu, bibi aliyewapokea karibu watoto wote wa kijiji, alitoka chumbani akifuta mikono, nami niliuona uso wa baba kabla mkunga hajasema neno.

"Amekaa kama yule mwingine," alisema. "Mpelekeni hospitali ya mjini. Ila asirushwerushwe. Mkimrusha mtawapoteza wote wawili."

Barabara ya Februari mnaijua: udongo umekauka, na kila alama ya gurudumu la masika yaliyopita imekuwa jiwe. Machela ingechelewa, hilo lilikuwa limeshajulikana. Pikapu ingerusha. Baba alisimama katikati ya hivi viwili, spana mkononi, akizitazama bolti ambazo kuzifungua kungemchukua mpaka jioni. Sijapata kumwona mtu mzima akiwa amesimama vile.

Sauti ya mama ilitoka ndani, imechoka lakini ya kawaida.

"Gari lako likibeba linatulia. Lipakie."

Kahawa ilikuwa imekwisha kwenda. Ndizi zingehitaji kukatwa kwanza. Baba alitaja mawe, na shangazi akamwuliza kama anataka yamporomokee mgonjwa. Kisha shangazi akageukia njia ya kanisani, ambako kwaya ya akina mama ilikuwa inatoka mazoezini, ikishuka taratibu na kuzungumza kwa sauti.

Aliwaita, wakaja wakikimbia. Aliwaeleza kwa maneno machache, halafu akauliza lililokuwa halijapata kuulizwa hadharani kijijini kwetu.

"Nani mzito kati yenu?"

Walitazamana. Mama Naftali, ambaye benchi la kanisa lilimsalimu kwa mlio kila Jumapili, alifunga kanga yake upya kiunoni.

"Siku zote mnanicheka," alisema. "Leo semeni tafadhali."

"Tafadhali, Mama Naftali."

"Haya. Nikae wapi, shemeji?"

Baba alimkalisha juu ya ekseli, na wa pili kwa uzito akamkalisha upande wa pili ili gari lisiegemee. Katikati liliwekwa godoro la majani makavu ya mgomba, mama akalazwa juu yake, nami nikakaa nikimshika kichwa. Wengine walipanda mmoja mmoja, na kila mmoja alipopanda baba alichuchumaa nyuma akazipima springi kwa kiganja.

"Mmoja tena," alisema. "Bado. Mmoja tena."

Wa mwisho alikuwa mke mpya wa kinyozi, mwembamba kama ufito.

"Hata mimi, shemeji?"

"Wewe panda na jiwe la kusagia. Lipakate."

Alilipakata. Nyuma ya gari ikashuka, pua ikainuka, na kwa mara ya kwanza tangu Januari pikapu ile ikasimama sawasawa.

Safari ile naikumbuka kwa masikio. Springi zililia kwenye kila shimo, lakini hazikurusha. Akina mama walipitisha mikono chini ya godoro, wakashikana, hata mama akawa amelala juu ya mikono yao. Mwanzoni waliimba kwa sauti ya chini wimbo waliotoka kuufanyia mazoezi. Sauti ya tatu ilikosea palepale ilipozoea kukosea, na Mama Naftali akawarekebisha bila kuacha kushika. Tulipofika mtoni waliacha kuimba. Baba aliingia majini polepole sana. Mama alinishika mkono.

"Tumefika wapi?"

Sikujua kama nimwambie. Nilimwambia.

Alifumba macho mpaka magurudumu yalipopanda ng'ambo. Kisha akasema, "Mwambie baba yako aendelee tu. Sijatikisika."

Shangazi aliupitisha ujumbe ule kwa kugonga kioo cha nyuma na kuelekeza mkono mbele. Baba hakugeuka, lakini niliyaona mabega yake yakishuka.

Hospitalini muuguzi alitoka, akaukuta umati wa wanawake juu ya gari moja, mmoja wao amepakata jiwe.

"Mgonjwa ni yupi?"

"Huyu aliyelala," Mama Naftali alimjibu. "Sisi ni mzigo."

Mdogo wangu Elifuraha alizaliwa alasiri ileile. Tuliambiwa tukiwa uani, na ilichukua muda kidogo mpaka mtu aamini. Mama mzima, mtoto mzima. Baba alikwenda akakaa kwenye bampa ya nyuma, akavua kofia, akaiweka juu ya goti, akaivaa, akaivua tena. Shangazi alimsogelea kwa maneno mengi ya utani aliyokuwa ameyaandaa, akamwangalia, akaketi tu kando yake. Hewa iliyonitoka kifuani siku ile, nadhani nilikuwa nimeizuia tangu Agosti 1953, nikiwa mtoto wa miaka tisa aliyeona machela ikirudi.

Mama aliporuhusiwa kutoka hospitalini, baba alikuwa hajagusa springi. Asubuhi alipowasha gari kwenda kumchukua, aliwakuta wale wanawake wamesimama barabarani, wamevaa sare za kwaya, na yule mwembamba amekuja na jiwe lake. Hakuna aliyewaita. Majani ya ziada aliyatoa Machi, akampelekea mhunzi, naye akayafua mapanga ambayo mengine yalifyeka migomba yetu mpaka baada ya Uhuru.

Hayo ndiyo niliyomsimulia Elisha juzi, wakati akinipeleka Nduruma kumwona huyo Elifuraha, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi na shamba la vitunguu. Nilimsimulia kwa vipande, kwa sababu kila mara gari liliponirusha sentensi ilikatika.

"Springi mpya, Bibi. Zitazoea."

"Zitazoea nini, nawe huendesha peke yako?"

Nyuma yetu bodi ilikuwa tupu na safi, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Barabarani tulipishana na magari mengi mazuri, laini, vioo vimefungwa, mtu mmoja ndani ya kila moja. Sikatai, magari ya siku hizi hayamrushi mtu. Mtoto aliyekaa vibaya tumboni anaonekana mapema kwenye mashine, na gari la wagonjwa linakuja likipigiwa simu. Namshukuru Mungu kwa hayo, wala sitamani kumwona mama yeyote akipita tena mtoni kwa machela. Ninachokitamani ni kidogo tu: zile sauti nyuma ya kioo.

Baada ya njia ya kwenda Nduruma kuachana na lami, tuliwakuta wanawake watano kando ya barabara, ndoo za nyanya miguuni. Elisha alitaka kupita. Nilimwambia asimame. Alisema siku hizi kubeba watu kuna matatizo yake, Bibi hajui. Nilimwambia asimame, naye akasimama, kwa kuwa mama yake alimlea vizuri.

Walipanda wakicheka urefu wa gari, mmoja akimsukuma mwenzake kwa nyuma. "Shikamoo, Bibi," walisema kupitia dirishani. "Mungu akubariki." Elisha akaondoa gari. Shimo la kwanza likapita, na la pili, naye akanitazama.

"Bibi. Limetulia."

Nilikuwa nasikiliza. Nyuma walikuwa wameanza kubishana juu ya bei ya nyanya.

Walishuka kwenye njia panda, wakatushukuru, wakaenda. Gari likaanza tena kuruka. Elisha alipunguza mwendo, na kwa safari yote iliyobaki nilimwona akitupa macho kando ya barabara, kila kona, kama kuna mwingine anayengoja.