Jogoo wa Sura ya Saba

Hebu mwone Athanasie akirudi kwake Katumba mchana wa Jumapili, ibada imekwisha, kitenge cha kanisani bado kiko kiunoni. Anafungua kufuli, anaingia, na hakuna wa kumwambia karibu. Anawafukuza kuku mbali na dirisha, anafunga mlango, anatandika blanketi juu ya kiti ili kisilielie, anakaa. Kitabu mapajani, simu kando, hedifoni masikioni. Kisha mwanamume anasema, karibu kabisa na sikio lake: "Sura ya kumi na moja." Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya mtu ndani ya nyumba ile tangu kulipokucha.

Usije ukadhani ana mambo ya ajabu. Athanasie ni mjane, analima mahindi na tumbaku kidogo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yeye akazaliwa hapa hapa. Binti yake Suzana anafundisha Sumbawanga, na hupiga simu akipata nafasi. Mumewe Silvester alikuwa katekista, na kila Jumamosi jioni alikuwa akijaribu masomo ya kesho yake mbele ya mkewe.

"Umeruka mstari," Athanasie angemwambia huku akichambua maharage.

"Sijaruka."

"Umeruka, baba. Rudi pale kwenye kisima."

Silvester angerudi, akinung'unika kwamba amemwoa askofu. Kazi aliyonayo Athanasie sasa ni hiyo hiyo, ila wa kunung'unika hayupo tena.

Mwenye kazi ni Mary, mwanamke mmoja wa Mpanda mjini aliyekusanya watu wa kujitolea wasome vitabu na kujirekodi, ili wasikilize wasioona na wale ambao shule iliwapita. Mmoja anasoma. Mwingine anasikiliza ile rekodi huku kitabu chenyewe kiko mkononi. Neno likirukwa, sentensi ikirudiwa mara mbili, mbuzi akilia katikati ya maneno, msikilizaji anaandika kwenye grupu la simu: dakika fulani, kosa fulani. Msomaji anarudia kile kipande. Lafudhi haiguswi. Mary alisema mapema, "Mrundi asome kama Mrundi, Msukuma asome kama Msukuma, mimi nataka maneno yatimie." Pasipo na kosa, msikilizaji anaandika neno moja tu, safi, na sura hiyo imefungwa.

Msomaji wa Athanasie ni Mabula wa Kibaoni, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, mwanamume mwenye mke na watoto wadogo. Hurekodi mashine ikizimwa, kajibanza stoo katikati ya magunia, maana magunia yanameza mwangwi. Kitabu chao ni hadithi ndefu ya warina asali waliopotea msituni. Hawajawahi kuonana hata siku moja.

Sura sita za mwanzo zilipita kimya kimya. Mabula anatuma, Athanasie anasikiliza, anaandika safi, Mary anaweka alama ya dole gumba, basi. Sura ya saba ndiyo iliyoleta mambo. Athanasie alisikia jogoo, tena jogoo mwenye pumzi, pale ambapo mrina asali mkubwa anapanda mti. Akaandika: jogoo amewika.

Jibu lilikuja kwa sauti.

"Shikamoo mayu," alisema Mabula, kwa jina ambalo Wasukuma humwitia mama. "Nimesikiliza mpaka sikio limeuma. Mimi hapa sina jogoo. Ugonjwa wa mdondo ulipita, ukazoa kuku wote, hata wa kuwekea mgeni hakubaki. Huyo jogoo, mayu, hebu chungulia dirishani kwako."

Athanasie akachungulia. Alikuwapo, juu ya rundo la kuni, amejaa kiburi.

"Marahaba, mwanangu," alijibu, kicheko kikimkatiza. "Nimemwona mkosaji. Nitamchinja."

"Usimchinje, mayu! Huyo ni msomaji mwenzangu!"

Akacheka peke yake mpaka machozi. Siku ile alipika ugali mwingi kuliko kawaida, bila kujua kwa nini.

Sura ya nane ilipofika, ilikuwa safi. Athanasie alikaa na lile neno mkononi, akawaza: nikiliandika, dole gumba, kwisha. Akaandika kwamba pale mtoni sentensi moja haikusikika vizuri. Kumbe ilikuwa imesikika wazi kama kengele. Lakini jioni Mabula alituma kipande kipya, na kabla ya kipande, salamu. Mtoto ameota meno. Mvua Kibaoni imechelewa. "Na yule mwenzangu wa kuwika, hajambo?"

Ukishaonja, unarudi. Sura ya tisa akamwambia amemeza neno. Sura ya kumi akamwambia arudie ukurasa mzima, akarudia. Akamwambia bado, akarudia tena. Mabula hakuuliza. Alijua yule mama ana masikio, na yeye ni fundi wa mashine tu.

Salamu zake zikaanza kuwa fupi. Mtoto hakutajwa, jogoo hakuulizwa hali. Halafu siku moja akasema, sauti imekauka kama makapi, "Mayu, labda nikuambie ukweli. Nadhani mimi si msomaji. Nikisoma najiona nasoma vizuri, kumbe naharibu, na hata nikirudia sisikii kosa lilipo. Namalizia hii ya mwisho kwa heshima yako na ya dada Mary, halafu nawaachia wenye vipaji."

Kesho yake Mary akapiga simu.

"Mama Suzana, mnafanya nini na huyo mtu? Mwanzoni alikuwa anasoma kama maji, sasa hivi kila siku marudio. Kuna mzee Manyanda pale Kasokola, macho yalishaondoka. Kila nikimpelekea dawa ananiuliza, wale warina asali wametoka msituni au wamefia huko? Nimwambie nini?"

"Mwambie wako njiani," alisema Athanasie.

"Njia gani hiyo isiyofika? Mimi nimewazoea nyie watu wa Katumba, hamna haraka!"

Mary alicheka. Athanasie alijaribu kucheka, ikashindikana.

Basi turudi kwenye ile Jumapili, blanketi juu ya kiti. Sura ya kumi na moja ndiyo ya mwisho. Athanasie aliisikiliza yote, kidole kikifuata mistari. Warina asali waliuona moshi wa nyumba zao. Mabula alisoma polepole, kila neno kaliweka chini kwa mikono miwili, kama mtu anayepanga mayai. Hakuna kilichorukwa. Mwishoni kabisa, kabla rekodi haijakatika, zilisikika pumzi zake, moja ndefu, kama za mtu aliyetua mzigo.

Akachukua simu. Akaandika: Safi.

Hakulituma. Alilitazama. Neno lile lingemfungia Mabula mlango, naye aende zake akiamini hakuwahi kujua kusoma. Na kunyamaza kungemwacha mzee Manyanda msituni. Akaongeza chini yake: "Na ya nane, na ya tisa, na ya kumi, zote zilikuwa safi toka mwanzo. Mabula hukukosea popote. Mimi nilitaka tu unisalimie."

Akabonyeza kabla moyo haujageuka. Grupu zima, yaani Mary na Mabula, wakausoma ujumbe palepale.

Mary hakuweka dole gumba. Chini ya jina la Mabula kukaandikwa kwamba anarekodi sauti. Kukafutika. Kukaandikwa tena, kukakaa muda, kukafutika. Athanasie alivua hedifoni, akaziweka mapajani juu ya kitabu. Nje, juu ya rundo la kuni, jogoo aliwika, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumuuliza ni wa nani.

Sasa niambie wewe: ungekuwa Mabula, umekaa kati ya magunia na koo limekukauka kwa kurudia yasiyo na kosa, ungemwambia nini yule mama?