Digrii Aliyonichagulia Adeer

Digrii niliyosomeshwa na serikali ilichaguliwa na adeer, ndugu wa marehemu baba, aliyenilea. Siku ya mwisho ya kutuma fomu mimi nilikuwa malishoni Ijara, mtandao haupo hata wa dawa. Adeer akaingia saiba moja ya intaneti mjini Garissa na nambari yangu ya mtihani kwenye kikaratasi. Wakamsomea orodha ya kozi. Aliposikia mifugo akasema, "Basi, hiyo. Hiyo tunaijua." Nilitaka uuguzi, naye alijua.

Sikulalamika, kwetu mtu habishani na aliyemlea. Nilisoma, nikafuzu, nikarudi Ijara kuchanja mbuzi na ng'ombe. Watu wakaanza kuniita daktari.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye boma moja na kisanduku changu cha chanjo, wanawake wakanijia mbio. Mwenzao alikuwa na uchungu tangu jana yake. Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamume, na mjamzito mwenyewe alikataa katakata kuguswa naye. "Njoo wewe, daktari, wewe ni mwanamke mwenzetu," wakaniambia. Walijua fika mimi ni wa mbuzi. Nikaingia. Mtoto nilimtoa, akalia, alhamdulillahi. Damu ya mama yake sikujua kuizuia. Alikufa ameshika mtandio wangu kabla gari halijafika. Hadi leo mtu akiniambia nilijitahidi, nakasirika. Juhudi ilikuwepo, elimu ndiyo haikuwepo.

Ndipo nilipoomba tena nafasi ya serikali, nisomee ukunga. Nikakataliwa. Nikaenda ofisini Garissa kuuliza, na adeer akashika fimbo yake akanifuata, hataki kuambiwa abaki. Karani, mama mmoja mpole, alitueleza kwa heshima kwamba serikali humlipia mtu digrii moja tu. Ya pili hujilipia mwenyewe, maana wako wengi ambao hata ya kwanza hawajaiona. Mdogo wangu mwenyewe ni mmoja wa hao wanaosubiri.

Adeer akagonga meza. "Mama, hiyo digrii si yake. Ni yangu. Mimi ndio nilichagua. Futa jina yake, andika yangu. Hii msichana bado hajabewa kitu."

Nilikaribia kucheka, lakini karani hakucheka. "Mzee," akasema, "sheria inamjua aliyesoma. Aliyechagua haimjui."

Tulipotoka nje, mzee ambaye sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi aliniomba mimi. Alisema kwa Kisomali, macho chini, "Nilidhani nakuchagulia kitu ambacho hakiwezi kukushinda." Nikamjibu nimemsamehe, kwa kuwa ni mkubwa wangu na kwa kuwa alikuwa analia. Nilimdanganya. Nampenda, na bado sijamsamehe.

Jumatatu nikarudi kazini. Kwenye boma lile lile mwanamke mmoja, tumbo limeshakuwa kubwa, aliniuliza kama nitakuwa karibu mwezi wake ukitimia. Nikamwambia mimi si mkunga, sikusomea, na yeye mwenyewe alishuhudia yaliyotokea. Nikamsihi aende zahanati kwa yule muuguzi. Akanitazama kana kwamba nimemtukana, akasema atanisubiri mimi.