Kipandio cha Tatu

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ukimpelekea kitambaa atakurudishia gauni pamoja na hadithi. Mdomo wake haujui likizo. Lakini hadithi moja aliiandika kwa mkono, nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, na hiyo alikuwa haifanyii mzaha.

Ilihusu shule yake ya msingi, iliyovunjwa miaka ishirini iliyopita ili barabara ipanuliwe. Alisoma pale miaka minne tu, kisha akatolewa akalee wadogo zake. Jengo lilipoondoka, akawa hana hata pa kuonyesha kidole. Kwa hiyo aliposikia waliosoma pale wanakusanya hadithi za kuchapisha kitabu, alipiga pasi gauni lake jipya, akaniburuta mkutanoni, kwenye ukumbi wa kukodi.

Katibu wao, karani mstaafu aliyeitwa Rula tangu utotoni kwa jinsi anavyokaa wima, aliisoma huku amekunja uso.

“Dada, jina lako halimo kwenye orodha ya waliomaliza.”

“Sikumaliza. Lakini nilisoma.”

“Ndiyo maana umebuni. Eti kipandio cha tatu cha ngazi kilikuwa kibovu, watoto wote wanakiruka! Mimi nimepanda ngazi ile miaka saba. Ilikuwa nzima kabisa. Hadithi hii haiingii.”

Wenzake wakatikisa vichwa, hakuna aliyekikumbuka. Shangazi akachukua daftari lake, akalifunga. Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu hata mimi nilianza kumtilia shaka. Mwanamke huyu anaweza kukutungia jambo uso mkavu.

Tukaitwa ghorofani, juu ya ukumbi, kupiga picha. Wao walitangulia, magoti yakilalamika, Rula mbele akiendelea kubisha. Shangazi alibaki chini akiwatazama miguu, kama anavyotazama pindo la gauni mteja akitembea. Ghafla akanifinya mkono.

“Hesabu,” akasema.

Rula: moja, mbili, nne. Aliyemfuata: moja, mbili, nne. Mama mmoja mwenye mkongojo alijivuta kwa shida, akahema, naye akaruka. Kipandio cha tatu, cha saruji, kizima, hakikukanyagwa na hata mmoja wao.

“Katibu!” shangazi akapaza sauti. “Hebu shuka, upande tena polepole.”

Rula akashuka, akapanda. Moja. Mbili. Mguu ukabaki hewani, naye akautazama kana kwamba ni wa jirani. Watu wakaangua kicheko, na yule mama mwenye mkongojo akaanza kulia waziwazi.

“Jamani, kile kipandio! Si ndicho kilichoning'oa jino!”

Nilifurahi mpaka nikapiga mluzi. Rula akakohoa, akatoa kalamu mfukoni.

“Dada, lete daftari. Hadithi yako inafungua kitabu.”

Shangazi akakusanya gauni lake, akapanda kichwa juu: moja, mbili, nne. Mimi nyuma yake nilikikanyaga kile cha tatu. Sikusoma pale.