Ulimi Wangu Siku ya Msaragambo

Mimi uyoga siuli, na wajukuu wangu wameshajitungia sababu zao. Mmoja anasema ni wokovu, mwingine anasema ni meno. Meno kweli sina, lakini uyoga hauhitaji meno. Ngoja niandike mwenyewe, ingawa shuleni nilikaa miaka miwili tu, na nusu ya huo wa pili nililima shamba la mwalimu.

Niliolewa Mamba kutoka Vudee, wakati wa Mwingereza, msitu ulipokwisha kuwekewa mipaka na askari. Watu waliozaliwa chini ya miti ile wakawa wanaomba ruhusa ya kuokota kuni zilizoanguka zenyewe. Sisi wanawake siku yetu ilikuwa Jumanne. Uyoga haukutajwa kwenye ruhusa, basi tuliuficha chini ya kuni kama wezi. Na yule askari alikuwa mtoto wa huku huku, kalelewa kwa uyoga huo huo! Niyaache hayo, yananipandisha hasira.

Aliyeujua uyoga ni mama mkwe wangu. Aliujua kwa mkono na kwa ulimi. Ule wenye kofia nyekundu au ya kijani, alinifundisha, vunja mguu wake. Ukikatika ta! kama chaki, bila nyuzi, hiyo ni jamaa ya kwanza. Jamaa ya pili, ukiukwaruza chini ya kofia, pale palipopangana kurasa kama kitabu cha nyimbo, unatoa maziwa. Wa tatu hauna kurasa; chini una miba laini kama ulimi wa paka, na huo aliutupia kikapuni bila maneno mengi. Jamaa zile mbili za kwanza ndizo za kuonja: kipande kama punje ya mtama, kwenye ncha ya ulimi, kisha unatema. Ukitulia, mzuri. Ukiwasha kama pilipili, tupa. Ule mweupe uliovaa soksi mguuni hakutaka hata tuushike.

"Huo hauonjwi," alisema. "Huo ndio unaokuonja wewe."

Kila uyoga ulioingia chunguni mwake ulipita kwanza ulimini mwake. Watu walijua hivyo, wakala kwake bila wasiwasi. Mume alikwisha kufa, ng'ombe hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni huko kuaminiwa, basi.

Mwaka mmoja maharage yalioza kwa mvua, na ndiva yetu, lile bwawa la kumwagilia mashamba, ukuta wake ukabomoka. Ikaitwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, siku ya Jumatano: wanaume wajenge, kila mji ulete chungu cha chakula. Makande bila maharage ni nini? Mama mkwe akasema atatia uyoga. Lakini goti lilikuwa limemvimba, na mahindi yalikuwa bado kutwangwa. Jumanne asubuhi akaniambia, "Mkamwana, leo ulimi ni wako."

Wifi yangu akacheka pale kinuni. "Huyu wa Vudee? Atatuletea majani ya mbuzi!"

Nikaenda na hilo kifuani. Kule juu ukungu ulikuwa mzito na baridi ya kukata vidole, nami kwenye khanga nilikuwa na kipande cha tangawizi. Nikatafuna njia nzima. Kwetu Vudee hatukuwa na tangawizi nyingi, ndiyo maana sikujifunza kuiogopa. Wa Mamba hafanyi kosa hilo. Anajua kuwa ukiitafuna, hata maji yanakuwasha. Nilipofika kwenye uyoga wa maziwa, wa kwanza uliwasha. Nikautupa. Wa pili ukawasha, wa tatu ukawasha. Hapo nikaelewa kuwa unaowasha ni mdomo wangu.

Sasa nisijipendelee. Nilielewa. Ningeweza kusubiri, ningeweza kurudi na kikapu nusu. Lakini nilimsikia wifi akicheka, nikachagua kwa macho. Kwa macho, wote ulifanana.

Kesho yake, jua halijafika kichwani, wanaume walikuwa wameinama ukutani mwa ndiva, mmoja baada ya mwingine, wanatapika mpaka machozi. Hakufa mtu. Jioni walipopata nguvu wakaja uani, na mzee msimamizi wa ndiva akauliza, "Nani alionja?"

Mama mkwe alinitazama. Nami nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Mimi," akasema. "Uzee. Ulimi umekufa."

Walipoondoka nilianza kulia. Akaniambia, "Nyamaza. Wangekurudisha kwenu, na mwanangu nani atampikia? Sikufanya kwa ajili yako."

Toka siku hiyo, kwenye msaragambo alipangiwa kuleta kuni tu. Kwenye shughuli za kanisani alipika, akafunika, akarudi nyumbani na chungu kimejaa kama kilivyokwenda. Wifi yangu alikuwa akimwambia mbele za watu, "Mama, wewe kaa, usijichoshe." Miaka na miaka. Na mimi nilikuwa nikimpokea chungu mlangoni, nakitua, sisemi kitu. Chakula changu hakukila tena. Alijipikia mwenyewe mpaka alipolala kitandani.

Alipokufa, wanawake walikusanyika mekoni kupika cha waombolezaji. Nikasimama katikati yao nikasema yote: tangawizi, kikapu, macho yangu. Nilisema kwa sauti. Na mzee wa ndiva alikuwa pale kwenye kuni, akasikia.

Kisha mzee akatikisa kichwa. "Mnamsikia? Marehemu alipata mkamwana. Mpaka leo anambebea kosa lake."

"Si kumbebea, baba, ni mimi kweli!"

"Tunajua, mwanangu, tunajua," wakasema wale wanawake, mmoja akinifuta machozi. Hata wifi yangu alilia, akasema hakujua kama nampenda mama yake hivyo. Kisha akanipa mwiko, nipike mimi, mikono yangu ni ya kuaminika.

Nikaupokea.