Beji ya Mwanasheria Mkuu wa Bertrams

Onesmo Mlowe alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Bertrams, mtu wa Morogoro aliyemfuata mkewe Nomsa hadi kwao, kusini kabisa mwa Afrika, wakimbizi wa siasa wa huko walipoanza kurudi. Shule aliishia darasa la saba. Mengine aliyasoma kwenye magazeti, kabla ya kuchorea suruali juu yake. Kwa miaka ishirini, Mswahili yeyote aliyekamatwa kwa kukosa karatasi, Onesmo ndiye aliyekwenda kumtoa polisi.

Hakuwa na cheo. Alikuwa na njia. Alibeba chakula cha moto, akavua kofia mlangoni, akamwamkia sajenti wa zamu kwa jina la sifa la ukoo wake, kama Nomsa alivyomfundisha. Kisha akanyamaza. Mzee akinyamaza mbele ya mtu aliyelelewa, mtu huyo huona haya, akauliza shida ni nini. Hapo ndipo karatasi ilipotolewa.

Mwaka 2017 wakaja wenye elimu. Hénock, mlinzi wa jengo huko Braamfontein, alikuwa ameshinda na wanafunzi wa chuo kikuu mpaka wakamwambukiza maneno yao. Aliona aibu chama cha Waswahili kusemewa na fundi wa kupunguza suruali, akaandika katiba. Kuandika! Aliitoa kwenye simu, ya jimbo moja la Marekani ambako mwanasheria mkuu huchaguliwa kwa kura, akafuta jina la jimbo akaweka la chama. Ibara ya saba: Mwanasheria Mkuu peke yake ndiye atakayesema kwa niaba ya watu. Mwingine akithubutu atafutwa uanachama, na akifa chama hakitausafirisha mwili wake kwao.

Jumamosi ya uchaguzi wa cheo hicho, msusi Célestine akaingia ukumbini na sufuria iliyofungwa kitambaa.

"Bwana yangu Gustave, banamushika jana. Karatasi alisahau ku nyumba, ni hii. Saa kumi banamupeleka kule banarudishaka bageni. Papa Onesmo, twende."

Onesmo akainuka.

"Papa, keti," Hénock akasema. "Ibara ya saba. Tuchague kwanza."

"Mwanangu, mtu yuko ndani."

"Na atatolewa na mwenye mamlaka, si na mwenye sufuria."

Watu wakacheka. Onesmo akaketi. Aliketi kwa kuogopa kufutwa, na pia, hili ndilo linalouma, kwa sababu naye alikuwa amekitamani kile cheo. Asubuhi ile koti lake alilipiga pasi mara mbili.

Hotuba zikaenda hadi saa tisa. Ndipo karani akasoma sifa za mgombea: "Awe raia kwa miaka isiyopungua mitano." Hénock alikuwa na karatasi ya ukimbizi ya miezi sita. Karani, ya miezi mitatu. Kati ya watu sitini raia alikuwa mmoja, na kitambulisho chake cha kijani alikipata kwa kuoa.

"Eish, Hénock," mtu akasema nyuma, "hukuisoma?"

"Niliisoma sana!"

"Basi ni simu iliyosoma."

Hénock mwenyewe akambandika Onesmo beji ya plastiki ya Mwanasheria Mkuu, pana kama kisosi.

Kituoni gari lilikuwa tayari linanguruma uani. Onesmo akaenda moja kwa moja kaunta, kofia kichwani, kifua mbele.

"Mimi ni Mwanasheria Mkuu."

Sajenti, jina lake Khumalo limeandikwa kifuani, akaitazama beji. "Wakili wa wapi? Lete cheti. Kujifanya wakili ni kosa, na wewe nitakuweka ndani."

"Papa," Célestine akanong'ona, "toa hii kitu."

Onesmo akaibandua beji, akaitia mfukoni. Akaipokea sufuria, akatoka nje, akavua kofia, akaingia upya.

"Sawubona, Mntungwa," akasema, akimwamkia kwa jina la sifa la akina Khumalo. Akanyamaza.

Sajenti akaitazama sufuria, akaviangalia viatu vyake mwenyewe. "Baba," akauliza taratibu, "unamtafuta nani?"

Gari liliondoka saa kumi bila Gustave. Yeye alikuwa kwenye ngazi za kituo, anakula wali kwa mkono.

"Uchaguzi je, Papa? Nani ameshinda?"

Walipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, Onesmo alisimama kando ya pipa la taka, akaichomoa pini ya beji na kuichomeka kwenye ukosi wa koti, maana fundi hatupi pini. Plastiki akaitupa.