Bustani Tuliyoiita Kwa Mama

Ile bustani ya serikali, kwenye mji wa Waarabu tulikofanya kazi, ilikuwa na jina lake, limeandikwa getini kwa Kiarabu na Kiingereza, na sisi hatukulijali hata kidogo. Tuliiita Kwa Mama. Wageni waliotoka Kenya majuzi walidhani kuna mama anayepika huko, wakaja na njaa zao. Chapati tulibeba wenyewe kutoka mtaani kwetu International City, zimefungwa kwa taulo. Baada ya ibada ya Ijumaa kanisani tulitandika leso kando ya ziwa la kuchimbwa, tukala na kuwasengenya mabosi mpaka mbavu zikauma. Nazikumbuka Ijumaa hizo kuliko Krismasi zangu zote.

Jina lilitokana na mazishi. Mwenzangu wa chumba, tuliyefanya naye usafi hotelini, alifiwa na mama yake huko Naivasha katika mwaka wetu wa pili. Pasipoti yake ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la meneja, na meneja akasema likizo ni baada ya miezi mitatu, khalas, maneno yameisha. Nilimtukana yule bwana kwa Kikuyu akiwa mbele yangu, naye akatabasamu tu. Mwenzangu hakulilia safari. Alilia kwamba kati ya watoto wote, yeye peke yake hatamtupia mama udongo.

Basi kaka yake akafanya jambo ambalo namheshimia mpaka leo. Kwao watu walizoea kuzika Jumamosi. Yeye akayaweka mazishi Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku yetu ya mapumziko. Majirani walinung'unika, maana ilibidi waombe ruhusa kwenye mashamba ya maua, lakini walikuja.

Sisi tulikutana kando ya lile ziwa la bustani, kwa sababu mama wa watu aliishi maisha yake yote akiliona ziwa la Naivasha. Kaka yake akapiga simu kutoka kaburini, nasi tukaifungulia sauti. Mwenzangu akachota udongo kwenye kitalu cha maua, na mtunza bustani, mzee wa Kipakistani, akaja mbio akifoka. Mimi nilikuwa tayari kumpa maneno yake. Akasikia nyimbo za maombolezo kwenye simu, akamtazama mwenzangu usoni. Akaweka chini mpira wake wa maji, akasimama nasi.

Huko Naivasha watoto wakaanza kutupa udongo, mmoja mmoja. Tuliusikia ukianguka juu ya jeneza. Kisha pasta akauliza, "Na kitindamimba wetu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kaburini watu wote walikuwa wamesimama wakimngoja, na majembe yao mikononi. Mwenzangu akafungua kiganja, udongo ukamwagika ukingoni mwa maji. Alijaribu kusema, sauti ikakataa. Nikamchukulia simu.

"Ametupa," nikasema. "Ametupa, pasta."

Ndipo majembe yakaanza kufukia.