"Haiumi? Basi Hukufanya Kitu"

Leo nimetoka gym kwa hasira kabla hata jasho halijanitoka.

Mwalimu wetu, kijana mdogo tu, alinibonyeza bega.
"Mzee, jana ulinyanyua vyuma. Panauma?"
Nikamwambia hapaumi.
"Basi hukufanya kitu."

Hukufanya kitu! Maneno hayohayo niliyaamini miaka ya sabini, enzi za utawala wa kijeshi, tulipokuwa tukinyanyua vyuma vya magari mabovu kule Katwe, mtaa wa mafundi magari.
Siku moja nilinyanyua mpaka mikono ikakakamaa. Kesho yake sikuweza hata kuchana nywele, na nilijivuna kweli!

Asubuhi hiyohiyo, mimi na rafiki yangu Opio tukakuta kizuizi cha askari kwenye njia ya Port Bell.
"Mikono juu!"
Yangu iliishia kifuani.
"Wewe nakataa amri?" Askari akanipiga begani kwa kitako cha bunduki, kisha akaikoki.
Opio akanishika viwiko, akaniinulia mikono kwa mikono yake.
"Afande, huyu mgonjwa. Tafadhali, afande."
Akatuachia.

Na huyo Opio, jamani, alikuwa akiongeza uzito kidogo kidogo na kupumzika vizuri. Mara nyingi hakuumwa popote, na kwa kunyanyua hakuna aliyemfikia.

Nimemsimulia mwalimu yote hayo. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:
"Lakini mzee, mwili si ulijengeka?"

Nikachukua taulo langu, nikaondoka.

Hebu niambieni, ningemjibu nini?